Sauti Niliyompa Chuma

Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumamosi, nilipobonyeza kitufe cha kurekodi na kumpa roboti wa katuni sauti ya mtu niliyemfahamu. Saa hiyo naijua kwa sababu nilikuwa na kawaida ya kuandika kwenye daftari saa ya kuanza na saa ya kumaliza kila kazi. Daftari hilo ninalo hadi leo. Kwenye mstari wa siku ile nimeandika: "Katuni, sehemu ya kwanza. Roboti: sauti ya mtani." Nikifika ukurasa huo huwa naupita haraka.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoingiza sauti za Kiswahili kwenye sinema kwa simu na kompyuta zenu. Mimi nimeacha. Sikustaafu kwa barua wala kwa pensheni. Kazi yenyewe iliondoka, nami nikabaki nimekaa. Sasa nina miaka hamsini na mbili na nauza miche ya parachichi hapa Ilomba, Mbeya. Lakini kwa miaka ishirini na mitatu nilitafsiri sinema za kigeni, kwanza kwa mdomo mbele ya watu kwenye banda la video mjini Iringa, baadaye ndani ya chumba changu cha Ilomba nilichokibandika trei za mayai ukutani ili sauti isirudi. Watu waliniita Kamusi. Niliishia darasa la saba. Kiingereza nilijifunza kwa kusoma kamusi tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho, maneno kumi kwa siku, na nikimaliza naanza upya.

Niseme wazi mapema: wenye sinema zile hawakutupa ruhusa. Hatukuwahi kuiomba. Hiyo ni aibu moja, na ni ya wengi. Ninayotaka kuwaeleza ni ya kwangu peke yangu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Haule, Mngoni kutoka Songea, aliyekuwa mtafsiri wa banda la Iringa kabla yangu. Mimi ni Mhehe. Ninyi mliozaliwa mjini huenda mmesahau maana yake: Wangoni na Wahehe ni watani. Babu zetu walipigana hadi wakachoka, na baada ya vita kukabaki matusi ya kuchekesha. Siku ya kwanza nilipoingia bandani kuomba kazi, alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Wewe Mhehe?"

"Ndiyo, mzee."

"Babu yako alimkimbia babu yangu akaacha ngao. Umekuja kuifuata?"

"Nimekuja kuchukua na nyumba," nikamjibu.

Akanisogezea kigoda. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Kanuni zake zilikuwa chache. Tazama sinema mara tatu kabla hujafungua mdomo: mara ya kwanza ujue kisa, ya pili ujue watu, ya tatu uhesabu pumzi zao. Usitafsiri neno, tafsiri pumzi. Mtu wa kwenye skrini akifunga mdomo, na wewe uwe umemaliza. Usinywe soda baridi kabla ya kazi. Mvua ikianza kupiga mabati, nyamaza. Hakuna anayeshindana na mvua akashinda.

Mimi nilianza kwa kuzivunja. Siku moja Iringa, Mzee Haule alikuwa na homa, akaniachia banda. Sinema ilikuwa na CD mbili. Niliitazama ya kwanza tu, ya pili nikaona nitaimalizia palepale mbele ya watu. Mle kwenye kasha la pili kulikuwa na CD ya sinema nyingine kabisa. Sehemu ya kwanza ilimwacha askari ametekwa msituni. Ya pili ikafunguka na mwanamke anauza maua, pembeni kuna mbwa mweupe. Watu arobaini wamelipa kiingilio na wananitazama. Nikashika kipaza sauti nikasema, "Sasa, ndugu watazamaji, yule askari amepoteza fahamu na anaota." Nikamfanya aote saa moja na nusu. Watu walitoka wameridhika. Mmoja akaniambia ndoto ile ilikuwa tamu kuliko vita.

Mzee Haule alipopona, habari zilikwishamfikia.

"Mtani," akasema, "umewalaza watu arobaini kwa mpigo. Hata mganga wa kienyeji hawezi."

Nilicheka na nikajifunza kitu kibaya: kwamba ukiwa mwepesi wa kinywa, kosa linageuka mzaha na linakwisha. Ningetamani siku ile wangenidai kiingilio chao.

Sote wawili tulihamia Mbeya, yeye akitangulia. Kisha akaugua koo. Alifanyiwa upasuaji, na aliporudi nyumbani sauti yake ilikuwa imebadilika. Haikupanda wala kushuka. Ilitoka kwa vipande, maneno mawili, pumzi, neno moja, pumzi, kama mtu anayesoma namba za mita ya umeme. Mtu huyu alikuwa amewahi kufanya sauti za bibi, mtoto na jambazi ndani ya dakika moja bila kukosea.

Hakulalamika. Alikuwa na jambo moja analolitaka, na alinieleza waziwazi. Yeye ni Mkatoliki, na kabla ya ugonjwa alikuwa msomaji wa masomo kwenye kigango chao. Alitaka kurudi kusimama kwenye mimbari ile na kusoma somo moja, tangu mwanzo hadi mwisho, mbele ya watu. Hilo tu. Kila Alhamisi alikuja chumbani kwangu kufanya mazoezi kwenye kipaza sauti changu. Nilimrekodi, kisha tunasikiliza pamoja, naye anaandika pembeni mwa karatasi mahali pa kuvutia pumzi. Tulifanya hivyo miezi mitano.

Kwa hiyo hakuna mtu Mbeya nzima aliyeijua sauti ile kama mimi. Nilikuwa nayo kwenye mashine. Nilijua inakatikia wapi.

Ndipo ikaja ile katuni. Ilikuwa ya sehemu sita. Kuna mashujaa watano wanaolinda mji: mwanamke wa radi, pacha wawili wanaosukuma milima kwa macho, mzee anayeruka, na binti anayesimamisha maji. Siku moja linatokea jitu la chuma, roboti mwenye umbo la mtu, linatembea moja kwa moja kuelekea katikati ya mji. Wanalipiga radi, linatembea. Wanalifunika kwa mlima, linatokea upande wa pili linatembea. Halichoki, haliumii, halirudi nyuma. Nilimpa jina Chuma.

Tuntufye, mwenye duka la CD karibu na soko, alinipigia simu Ijumaa.

"Kamusi, ndugu yangu, kuna watu wa Dar wanaitafsiri hiyohiyo. Ikitoka yao kwanza, sisi tumekwisha. Jumatatu naitaka dukani."

"Nina sehemu mbili tu. Nyingine zinakuja."

"Anza na ya kwanza. Na uweke vichekesho, watoto wanataka kucheka."

Sikuitazama mara tatu. Niliitazama mara moja, nikiwa nakula. Katika sehemu ya kwanza Chuma anasema sentensi moja tu, kwa sauti ya chini, ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayejua kazi yake: kwamba hatasimama mpaka afike. Nikaona sentensi moja haitoshi kuchekesha. Nikaongeza mengine, na nikatafuta sauti ya kuyasemea. Nilipoketi mbele ya kipaza sauti asubuhi ile ya Jumamosi, sikuhitaji kutafuta mbali.

"Si-simami. Mpaka. Nifike," nikasema. "Nani. Kanikanyaga. Leteni. Chai."

Nilijiambia ni utani. Yeye Mngoni, mimi Mhehe, tumetukanana miaka ishirini. Angekuwa yeye, angenifanyia hivyohivyo. Nawaomba muusome taratibu uongo huu, kwa sababu umetengenezwa vizuri. Kila kipande chake ni kweli, isipokuwa kwamba utani wetu siku zote ulikuwa wa kabila, wa vita vya babu, wa ugali na ngao, na ulisemwa ana kwa ana ili mwenzio ajibu. Hakuna Mngoni aliyewahi kunitania kwa ugonjwa. Na CD haijibiwi.

Jumatatu CD mia mbili zilikuwa dukani. Jumatano Tuntufye akaagiza nyingine.

"Oya Kamusi, huyu Chuma wako ni noma! Watoto mtaa mzima wanaongea kama yeye. Mpaka mwanangu nikimtuma chumvi ananiambia, 'Si-simami. Mpaka. Nifike.'"

Alhamisi Mzee Haule akaja kufanya mazoezi. Nilikuwa na wasiwasi, na dawa niliyoitumia ilikuwa ya woga: nikamwonyesha mwenyewe, nikijifanya namfurahisha. Alikaa kwenye kiti, mikono magotini, akamtazama Chuma akitembea katikati ya radi. Aliposikia sauti, mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka. Kicheko chake siku hizo hakikuwa na mlio.

"Umenipata. Mtani," akasema. "Mpaka. Pumzi."

Nikapumua. Kisha akaniuliza, bado anafuta macho:

"Lakini hii. Ni yetu. Ya humu ndani. Siyo?"

CD zilikuwa dukani tangu Jumatatu.

"Ndiyo, mzee," nikajibu. "Utani tu wa humu ndani."

Akavuta karatasi yake, tukafanya mazoezi. Siku ile alisoma somo zima bila kukwama kwa mara ya kwanza. Akakunja karatasi akaiweka mfukoni, akaniambia amepangiwa kusoma Jumapili inayofuata, siku kumi zijazo, na kwamba anataka nije. Mimi ni Mlutheri. "Mungu. Atakusamehe. Siku moja," akasema.

Nilikuwa na siku kumi. Ningeweza kwenda dukani asubuhi yake na kuziondoa zote. Ningeweza kumwambia ukweli na kumwacha yeye aamue kama anasoma au anasubiri. Nilichofanya ni kurekodi sehemu ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano, kwa sauti ileile.

Sehemu ya sita ilinifikia Alhamisi iliyofuata, nikaitazama nikiwa peke yangu. Chuma anafika. Anapokwenda si mjini; mji umejengwa tu njiani mwake. Anakwenda kwenye bwawa lililo juu ya mji, ambalo ukuta wake umepasuka na hakuna anayejua. Aliyemtengeneza alikwishakufa, akamwachia agizo hilo moja. Mashujaa watano wanampiga hadi hatua ya mwisho. Yeye anaingia kwenye ufa, anauziba kwa mwili wake, na kwa mara ya kwanza anaongea maneno mengi. Anawaambia mlidhani nakuja kwenu. Anawaambia sikujua namna nyingine ya kutembea. Wale watano wanashusha mikono. Sauti yake ya asili pale ilikuwa ya upole kiasi kwamba nilirudisha nyuma mara mbili kuisikiliza.

Ningeitazama katuni yote mara tatu, ningejua tangu mwanzo huyu si wa kuchekwa. Nilimpigia Tuntufye.

"Nataka kubadilisha sauti ya Chuma."

"Umelewa? Watu wananunua sauti hiyohiyo!"

Basi nikairekodi hotuba ile bwawani kwa vipande, na nikaongeza chai.

Jumapili nilikaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Watoto walikuwa wamekaa mbele, kwenye mikeka, chini kabisa ya mimbari. Mzee Haule alivaa koti la kijivu. Alipanda, akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye mstari.

"Somo. Katika kitabu. Cha nabii."

Mtoto mmoja, wa miaka sita au saba, akageuka kwa wenzake na macho yaking'aa kwa furaha ya kumtambua mtu.

"Chuma!"

Mkeka mzima ukacheka. Mama mmoja akamfinya wa kwake. Mzee akasubiri, akavuta pumzi pale tulipoiandika, akasoma mstari wa pili. Kutoka mkekani, mtoto mwingine akamalizia, kwa ufundi kamili, "Mpaka. Nifike." Safari hii nikaona mabega ya watu wazima yakitikisika, wamefunika vinywa. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wameitazama nyumbani na watoto wao.

Mzee Haule akafunga kitabu. Akainua uso akautafuta ule wangu, akaupata, akaukazia kwa muda mfupi. Kisha akashuka, akapita katikati ya benchi akatoka nje. Katekista akapanda kumalizia somo.

Nilimfuata, nikamkuta langoni.

"Mtani, nisikilize," nikasema.

Akatikisa kichwa na kuniwekea kidole mdomoni, kama mtu anavyomnyamazisha mtoto, akaenda.

Wiki ile nilizunguka maduka na vibanda vyote, Ilomba hadi stendi, nikizinunua CD zangu kwa bei ya rejareja. Wauzaji walidhani nimerukwa na akili. Nilipata mia moja themanini na saba. Zingine zilikuwa zimeshanunuliwa, na zilizonunuliwa zilikuwa zimeshanakiliwa kwenye flashi, na flashi haina duka la kuirudisha. Halafu nikafanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya mwanzoni. Niliitazama katuni yote mara tatu, nikahesabu pumzi za kila mtu, nikairekodi upya. Chuma nilimpa sauti ya chini, ya kawaida. Ile hotuba ya bwawani niliirudia mara kumi na nne. Ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya. Tuntufye aliisikiliza dakika tano.

"Ni nzuri, sikatai," akasema. "Ila siuzi. Watoto watasema Chuma anaumwa."

Miezi miwili baadaye nikasikia Mzee Haule amehamia Mafinga kwa binti yake, Restituta, mwenye karakana ya useremala. Nikapanda basi asubuhi, CD mpya ikiwa mfukoni mwa koti. Hapo Mafinga kila kitu kinanukia msonobari uliopasuliwa, na mlio wa mashine hauishi. Restituta alinipokea akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alinijua. Hakunikaribisha kukaa.

"Yuko nyuma," akasema. "Subiri mashine izimwe."

"Kwa nini nisubiri?"

"Nenda ukaone."

Nilichungulia kwa nyuma. Mashine ya kuranda ilikuwa inaunguruma kiasi cha kutikisa mabati. Mzee Haule amekaa juu ya rundo la mbao, kitabu kimefunguliwa magotini, na midomo yake inatembea. Anasoma kwa sauti. Kifua kinapanda, anavuta pumzi, anaendelea. Hata mimi niliyekuwa hatua nne tu sikusikia neno. Restituta akazima mashine kubadilisha mbao, na midomo ya mzee ikasimama palepale, katikati ya sentensi. Akawasha, ikaendelea.

"Nyumbani anatuandikia kwenye karatasi," Restituta akaniambia sikioni. "Hapo tu ndipo anapoongea."

Mashine ilipozimwa nikajitokeza. Nikapiga magoti kwenye vumbi la mbao, mtu mzima mimi, nikamweleza yote: kwamba siku aliyoniuliza, CD zilikuwa tayari zimeshauzwa. Kwamba nilimdanganya usoni. Kwamba nilikuwa na siku kumi. Nikamwekea CD mpya juu ya mbao, nikamwambia nimerekodi upya, nimeitazama mara tatu.

Aliishika, akaigeuza, akaiweka kwenye kitabu kuwa alama ya ukurasa. Akanyoosha mkono akaninyanyua. Moyo wangu ukapata nafuu, nikafanya kile ulimi wangu ulichozoea miaka yote.

"Ahsante, mtani," nikasema. "Hata ngao nakuachia."

Akaniangalia. Kisha akaongea, mashine ikiwa imezimwa, na Restituta akageuka kutazama.

"Hapana," akasema. "Utani. Umekwisha. Niite. Mzee Haule."

Akamwomba binti yake anipe chai kabla ya safari, kwa heshima zote anazopewa mgeni asiyejulikana, na akanisindikiza hadi barabarani akiniita bwana.

Kwa hiyo mkinunua vipaza sauti vyenu vizuri, mkijua kuiga kila sauti mnayoisikia, jiulizeni mwenye sauti ameketi wapi na atajibu kwa kinywa gani. Mimi nilijua majibu yote mawili kabla ya saa nne na dakika kumi. Sikukosa elimu.

Kazi ya kutafsiri niliiacha mwaka uleule, nikang'oa zile trei za mayai. Hesabu ya mwisho kwenye daftari ni hii: CD mia moja themanini na saba kwa shilingi elfu moja na mia tano kila moja, na nauli ya Mafinga kwenda na kurudi shilingi elfu ishirini na nne. Jumla niliyopoteza, shilingi laki tatu na elfu nne na mia tano.